Naomba ushauri: nataka kwenda peke yangu mapango ya Kolo, kisha msitu wa Udzungwa

Dada wa Nzuguni
Habari za jioni ndugu zangu. Nipo Dodoma kikazi, likizo yangu inaanza mwezi wa saba. Nataka kuona michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa, halafu niende Udzungwa nitembee kwenye msitu wa mvua. Sina gari na naenda peke yangu. Mama kasikia "porini" akaanza kulia kwenye simu. Sitaki kumdanganya kwamba nimepata wa kuongozana naye, nataka nimweleze mpango unaoeleweka. Mliofika huko nisaidieni kuhusu usafiri na usalama wa mwanamke. Na je, naruhusiwa kupanda mlimani mwenyewe? Napenda ukimya, mtu anayeongea njia nzima ananichosha.

Mrangi wa Pahi
Karibu kwetu dada. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo kubwa: usipande bila mwongozaji. Stendi kuu si iko hapo hapo kwenu? Panda basi la Babati au Arusha linalopita Kondoa, mwambie kondakta akushushe Kolo. Ofisi ya Mambo ya Kale iko hapo Kolo. Unalipa, unaandikwa kitabuni, unapewa mtu.

Kinachonifanya nisisitize hivi si wanyama. Kuna watu miaka na miaka wanachimba kwenye majabali haya wakiamini Wajerumani waliacha mali zao humo. Pale Mungumi wa Kolo, jabali la michoro lililo juu mlimani, utayaona mashimo yao. Sasa mgeni akionekana peke yake mlimani na begi mgongoni, mwenyeji hadhani kaja kutazama michoro, anadhani kaja kuchimba. Ukiwa na mtu wa ofisini hakuna atakayekuuliza.

Halafu Mungumi ni mahali pa ibada mpaka leo. Wazee wanakwenda kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Ukikuta watu kwenye shughuli yao, rudi nyuma usubiri, kamera ibaki ndani ya begi.

Usitegemee shimo la giza la kuingia na tochi. Mengi ni majabali yaliyoinama mbele kama baraza, mwanga wa mchana unafika ukutani. Sogea karibu uangalie ile michoro myekundu: watu warefu wembamba, wamechorwa kwa mistari myembamba sana, twiga, pofu. Ile myeupe ni ya baadaye, mistari yake minene, na kuna mahali imepita juu ya nyekundu. Usiiguse. Akitokea mtu akakwambia umwagie maji ili rangi ing'ae, mkatalie, maana maji ndiyo yanayoimaliza. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na majabali yenye michoro ni zaidi ya 150, yametapakaa. Kwa siku moja chagua machache uyatazame kwa utulivu.

Dada wa Nzuguni
Asante sana kaka. Habari ya mali za Mjerumani sikuwahi hata kuiwaza. Kutoka Kolo hadi Mungumi naweza kutembea?

Mrangi wa Pahi
Utachoka kabla ya kupanda. Chukua bodaboda hadi chini ya mlima, mwongozaji akutafutie kijana anayejulikana kijijini. Bei ya kwenda, kusubiri na kurudi mkubaliane kabla hamjaondoka. Nenda asubuhi, na maji beba ya kutosha.

Nesi Mpwapwa
Miambani hasa uogope nyuki. Siku hiyo usijipulizie manukato. Wakianza kukuzunguka usiwapunge mkono, ondoka taratibu. Wakishambulia, kimbia usisimame. Penye popo usivuruge kinyesi kikavu, vumbi lake linaweza kuwa na kuvu wanaodhuru mapafu. Popo akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo.

Mzee wa Area C
Binti yangu, mama yako ana haki ya kulia. Mimi ningekushauri usubiri upate mwenzako.

Dada wa Nzuguni
Shikamoo baba. Nimesubiri wenzangu tangu mwaka jana, kila mmoja anaahirisha.

Mzee wa Area C
Marahaba. Basi mwandikie mama kwenye karatasi, si kwenye simu: jina la gesti, jina na namba ya mwongozaji, na saa utakayokuwa umeshuka. Huko mlimani mtandao unakatika. Mkubaliane kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni hujapiga, yeye ampigie mwongozaji.

Kijana wa Kilombero
Mimi nizungumzie Udzungwa. Panda treni ya SGR hadi Morogoro, halafu basi la Ifakara, shuka Mang'ula, ndipo yalipo makao makuu ya hifadhi. Humo ndani hakuna utalii wa gari, ni miguu tu. Malipo si ya taslimu, na beba kitambulisho cha taifa ulipe kiingilio cha Mtanzania.

Anza na njia ya Sanje. Maporomoko yake yana mita 170. Njia ya kilele cha Mwanihana iache kwa safari nyingine, ni ndefu, na kwa sababu ya tembo na nyati unakwenda na askari mwenye silaha. Mwezi wa saba ni kiangazi, lakini chini ya miti ni unyevu mtupu, na mtu aliyezoea ukavu wa Dodoma anatoka jasho haraka. Vaa viatu vyenye meno.

Kuhusu ukimya, mwambie mwongozaji mapema, atafurahi. Kuna mbega mwekundu wa Udzungwa na kima wa Sanje ambao hawapatikani popote duniani nje ya eneo hili, na mara nyingi utawasikia kwenye matawi kabla hujawaona. Watu wanaopiga soga huwapita.

Dada wa Nzuguni
Nimeelewa. Gesti za Mang'ula zikoje kwa mwanamke?

Kijana wa Kilombero
Zipo nzuri karibu na lango la hifadhi. Fika mchana, kagua kitasa cha mlango, na angalia chandarua kama kina matundu kabla hujalipa. Hili ni bonde la Kilombero, malaria ipo kweli kweli.