Hesabu ya Sufuria ya Mtu Mmoja

Gumzo la kikundi cha ukoo, Jumapili jioni

Idi (Sinza): Shikamooni wakubwa zangu wote. Nina swali ambalo naomba mnisaidie kwa hesabu, wala si kwa mawaidha. Tangu nihamie chumba hiki kila mtu ananiambia kwamba kujipikia ni nafuu kuliko kula nje, lakini hesabu yangu inakataa. Jana nilinunua mchele nusu kilo kwa shilingi 1,400, maharage nusu kilo kwa 1,500, nazi moja kwa 1,200, na nyanya, vitunguu na mafuta ya kupima kwa 1,500. Jumla ni 5,600 bila kuhesabu gesi. Nimekula usiku na leo asubuhi, na mchana huu maharage yaliyobaki yalikuwa yameshachacha. Kwa hiyo kila mlo umenigharimu 2,800, wakati mama ntilie wa karibu na kazini ananipa wali, maharage na mchicha kwa 2,000. Kuna haja gani ya kupika?

Mama: Marahaba mwanangu. Kabla hatujafika kwenye hesabu, usiku huu umekula nini?

Idi: Chipsi mayai, Mama.

Mama: Za shilingi ngapi?

Idi: 3,500, pamoja na soda 4,200.

Mama: Basi hiyo nayo iandike kwenye daftari lako.

Mjomba Salehe (Temeke): Marahaba mpwa wangu. Kijana ameuliza swali la haki, dada, tusimkaripie. Mama ntilie anapika sufuria ya watu hamsini kwa jiko moja, ananunua mchele kwa gunia na nyanya kwa tenga, na anachobakiza kwenye kila sahani ni kidogo sana. Mtu mmoja mwenye sufuria ndogo na mafuta ya kupima hawezi kushindana naye kwa wali maharage. Mchana endelea kula kwake. Swali lako liwe ni la usiku, kwa sababu usiku hushindani na mama ntilie, unashindana na muuza chipsi.

Shangazi Mwanahamisi (Tanga): Marahaba mwanangu Idi. Mimi nakubaliana na Mjomba, ila nataka kujua hayo maharage uliyapikaje. Uliyatia nazi yote kwa pamoja?

Idi: Ndiyo, Shangazi. Niliyachemsha, nikayatia nyanya, kitunguu na tui, nikayafunika.

Shangazi Mwanahamisi: Hapo ndipo yalipokufa. Maharage yaliyotiwa nazi hayalali kwenye joto la Dar es Salaam bila friji. Sisi tulikuwa watoto tisa nyumbani kwa bibi yenu, sufuria ilikuwa ikiisha usiku huohuo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kukueleza. Mtu mmoja huchemsha chukuchuku, yaani maharage na maji tu, kisha kila usiku anachota upawa mmoja au miwili kwenye sufuria ndogo na kuunga anachokula usiku ule. Leo utaunga kwa nazi, kesho kwa nyanya na kitunguu cha kukaanga, kesho kutwa unayaponda na pilipili hoho kidogo ule na chapati. Yaliyobaki chukuchuku yachemshe mpaka yatokote asubuhi na jioni, na ukishayatokosha usiingize tena kijiko humo. Ukifanya hivyo yanafika siku ya tatu.

Dada Rukia (Morogoro): Shikamoo Shangazi. Naomba niseme kama muuguzi: siku ya pili nakubali, siku ya tatu bila friji simshauri mtu, hasa miezi hii ya joto. Na kiporo cha wali ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko maharage. Wali ulioachwa usiku kucha ndani ya sufuria yenye joto vuguvugu huota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiukaanga asubuhi. Idi, pika wali wa kumaliza, au upike ugali, ambao robo kilo ya sembe inakutosha na unaiva kwa dakika chache.

Shangazi Mwanahamisi: Marahaba mwanangu. Tumekula viporo na chai ya rangi miaka yote na tupo.

Dada Rukia: Ni kweli, Shangazi, na mara ngapi tulisema tumbo limechafuka bila kujua ni nini?

Kaka Juma (Tabata): Naona mnajadili chakula, ilhali kinachommaliza Idi ni moto. Mimi niliishi peke yangu kabla sijaoa, na nilichogundua ni kwamba maharage nusu kilo si ghali hata kidogo, ila saa mbili za gesi za kuyaivisha ndizo ghali. Mtungi wa kilo 6 ukipikia chai, mayai na mboga za majani unaweza kuusahau, lakini ukianza kuupikia maharage makavu, makande na utumbo, utaona unarudi dukani kabla ya mshahara.

Idi: Hilo nimeliona, Kaka. Nilidhani mtungi wangu unavuja, nikaupaka povu la sabuni kwenye mpira na valvu, lakini hauvuji.

Mjomba Salehe: Maharage yenyewe uliyanunua wapi?

Idi: Kwenye duka la hapa mtaani, Mjomba.

Mjomba Salehe: Yana rangi gani?

Idi: Ni mekundu, yamefifia kidogo, na mengine yana mikunjo.

Mjomba Salehe: Hayo ni ya zamani. Maharage yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu wa Pwani, ganda na kiini vyote vinagoma, na unaweza kuyachemsha mpaka maji yakauke mara mbili bado yanatafunika kama karanga mbichi. Mwenye duka huyauza kwa mia mbili pungufu, nawe ukadhani umepata nafuu, kumbe zile mia mbili na nyingine nyingi unazilipa kwenye gesi. Nenda Tandale, hapo ni karibu na kwako, mtafute muuza nafaka mwenye wateja wengi, maana kwake mzigo hauchelewi. Maharage mapya ngozi yake inang'aa na imejaa. Hata mchele uulize kama ni mpya au wa zamani, lakini kwa mchele ni kinyume: wa zamani ndio mzuri, hunyonya maji mengi na kuongezeka sufuriani, wakati mpya hushikana na kuwa bokoboko usipopunguza maji.

Shangazi Mwanahamisi: Na yaloweke usiku kucha, mwanangu, uyamwage yale maji, utie mapya. Nyanya, ndimu na ukwaju usitie mpaka yalainike kabisa, kwa sababu kitu kichachu huyakaza maganda. Ukiwa na haraka, tia magadi kidogo tu, ncha ya kijiko.

Dada Rukia: Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini iliyomo kwenye maharage, kwa hiyo iwe siku ya dharura. Kama hutaki kungoja, nunua choroko. Hazihitaji kulowekwa na huiva ndani ya saa moja.

Kaka Juma: Mimi nina njia fupi zaidi. Idi, jioni pita barabarani kuanzia saa kumi na mbili, utawakuta kina mama wenye masufuria makubwa wanaouza maharage yaliyokwisha kuchemshwa, wanapima kwa kikombe. Hawajatia chumvi wala kitunguu. Unanunua vikombe viwili, unakwenda kuunga kwako kwa dakika kumi. Nilipokuwa peke yangu niliacha kabisa kuchemsha maharage. Ule moto wa saa mbili tulikuwa tunaugawana watu arobaini wa mtaa mzima.

Mama: Juma, hukuwahi kuniambia hayo. Nilikuwa nakutumia maharage kutoka Muheza kila mwezi.

Kaka Juma: Nilikuwa nampa mmoja wa hao kina mama aniuzie, Mama, na mimi nakula ya kwake.

Mjomba Salehe: 😂 Huyu ndiye mfanyabiashara wa ukoo.

Idi: Hapa uani kuna mama anayepika vitumbua na maandazi alfajiri kwa jiko la mkaa. Saa mbili asubuhi anakuwa amemaliza na makaa bado ni mekundu, anayamwagia maji ili akayatumie tena kesho. Nimekuwa nikifikiri nimwombe niweke sufuria yangu juu ya makaa hayo siku ambazo naingia kazini mchana.

Shangazi Mwanahamisi: Hilo ni wazo zuri kuliko yote yaliyosemwa humu. Lakini usiende mikono mitupu, mara mojamoja mnunulie kopo la mkaa, na umwombe kwa adabu, kwa sababu yale makaa anayoyazima kwake ni mali. Na makaa yakianza kufifia kabla maharage hayajalainika, yatokoshe vizuri mara ya mwisho, uifunge sufuria kwa kanga mbili na blanketi, uiweke ndani ya kapu na usiifunue. Yataendelea kuiva yenyewe kwa joto lake. Bibi yenu alikuwa akiweka hivyo makande ya Ramadhani.

Dada Rukia: Kwa kapu naongeza jambo moja ambalo si la hiari: maharage mekundu lazima yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kufungwa, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo joto la vuguvugu haliiondoi. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe, hata kukiwa na mvua, hata likiwa na makaa mawili. Hewa yake haina harufu wala haimwamshi aliyelala.

Idi: Nimeelewa, dada. Na jiko la umeme la presha je? Kazini wanasema linapika maharage kwa umeme kidogo sana.

Kaka Juma: Ni kweli, maana likishapata joto linajizima lenyewe na kulishikilia. Tatizo ni luku. Mna mita ngapi katika nyumba hiyo?

Idi: Moja, wapangaji sita. Tunachanga kila mtu sawasawa.

Kaka Juma: Basi hilo jiko litakuletea kesi uani. Hata likitumia uniti moja tu, siku luku itakapokata mapema utaangaliwa wewe. Halafu bei ya chini ya umeme ni ya mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, na inayozidi hapo inalipiwa zaidi ya mara tatu. Nyumba ya wapangaji sita kwenye mita moja inapita kiwango hicho kabla mwezi haujafika katikati. Ngoja mpaka upate chumba chenye mita yake.

Mjomba Salehe: Na serikali inatuhimiza kuacha mkaa, mkakati wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nalipenda lengo hilo, lakini nadhani mpangaji wa chumba kimoja atafikiwa siku wenye nyumba watakapogawa mita.

Mama: Tumezungumza moto mpaka tumesahau mboga. Idi, unakula majani?

Idi: Mchicha wa mama ntilie, Mama.

Mama: Fungu la mchicha au matembele gengeni ni 500, na halihitaji zaidi ya dakika tano jikoni. Nyanya usinunue zile za kupangwa vizuri kama unaziunga siku hiyohiyo. Nenda jioni uulize masalo, zile zilizoanza kulainika, wanakupa bakuli zima kwa bei ya fungu moja, unakata palipooza unatupa. Na uwe na dagaa wa Mwanza ndani ya kopo lenye mfuniko. Hawahitaji friji, ila waoshe kwa maji ya moto mara tatu kwa sababu wengi huanikwa ufukweni na wana mchanga.

Shangazi Mwanahamisi: Wifi amesema kweli. Na mafuta, mwanangu, acha ya kupima. Ukinunua lita nzima mara moja utashangaa ulivyokuwa unaibiwa na kile kipimo.

Idi: Nashukuruni sana. Nikijumlisha mliyoyasema, mchana nibaki kwa mama ntilie, jioni ninunue maharage ya kikombe au niombe makaa ya uani, niunge kidogokidogo, na nile kwa ugali au wali wa kumaliza. Nimepiga hesabu ya kesho: vikombe viwili vya maharage 1,000, sembe robo 450, nyanya za masalo na kitunguu 500, mchicha 500. Jumla ni 2,450, na maharage na mchicha vitabaki vya kulia asubuhi nikivitokosha.

Mama: Hujaweka nazi.

Idi: Nazi ni 1,200, Mama. Nitaweka Ijumaa.

Mama: Nitakutumia nazi kumi na mbili na maharage mapya kwa basi la Jumatano. Utayachukua stendi ya Magufuli, Mbezi.

Kaka Juma: Mama, kwa heshima zote, basi litatoza mzigo, na kutoka Mbezi mpaka Sinza na gunia atataka bodaboda. Hizo nazi zitafika kwake kwa bei ya Kariakoo.

Mama: Atapanda daladala kama wenzake.

Mjomba Salehe: Dada, mpe dereva mzigo mmoja wa wote watatu. Nitaushusha mimi Jumatano, niko Mbezi kwa shughuli zangu, na Jumamosi nitakuwa Tandale kununua mchele. Idi, njoo saa tatu asubuhi uchukue nazi zako, na tununue kilo 20 tugawane, maana bei ya kilo 20 si bei ya nusu kilo.

Idi: Nitakuwepo, Mjomba. Kwa sasa nina fedha ya kilo 5.

Kaka Juma: Kilo 10 ni zangu. Mjomba, natuma hela sasa hivi, na nazi zangu zisichanganywe na za Idi.