Wadau naombeni ushauri, bili ya mgonjwa wa haloperidol imerudishwa na bima

BintiKorogwe: Wadau habari. Niko Texas, kazi yangu kuweka namba za magonjwa kwenye bili za hospitali. Kuna mgonjwa aliletwa shingo imepinda, taya limekaza, ulimi uko nje hata kuongea hawezi, alikuwa kameza haloperidol, ile dawa ya magonjwa ya akili. Nikaweka T43.4X5A, namba ya madhara ya dawa hiyo, bima wamerudisha na bosi anaitaka leo leo. Nibadilishe nini? Sina amani kabisa.

MzeeWaIringa: Pole mwanangu. Binamu yangu alipewa chlorpromazine, nayo dawa ya akili, akakakamaa mwili mzima, sisi tukajua karogwa, tukahangaika naye kwa waganga weee. Mwombee huyo mgonjwa.

NesiMstaafu: Mzee, kaulizwa namba. Mdogo wangu, hiyo 5 ni ya dawa iliyomezwa kama ilivyoandikwa, na namba hiyo haikai juu kwenye bili, inatangulia G24.02 ya misuli kukaza ndo T43 ifuate. Ila alimeza kama alivyoandikiwa?

BintiKorogwe: Daktari kaandika ni madhara ya dawa.

NesiMstaafu: Sijauliza hilo. Dawa ya nani?

BintiKorogwe: Ya kaka yake, alikosa usingizi akachukua. Lakini dada, daktari keshasema madhara, mimi nani nimpinge? Na nikiandika sumu ndugu zake si wataona alitaka kujiua? Nimeshaipandisha G24.02 juu, bado kutuma tu.

NesiMstaafu: Usitume! Dawa ya mtu mwingine inahesabiwa sumu, T43.4X1A juu, G24.02 chini yake. Hiyo 1 ni bahati mbaya. Ya kujidhuru ni 2, na huiweki mpaka daktari aandike mwenyewe, kwa hiyo hofu yako ya ndugu haipo.

Kijana_wa_Temeke: Hili swali la mtihani wa cheti hili 😂 ulimi nje, dawa ya kaka, limepangwa mno. Dada kasome.

MzeeWaIringa: Na kama ni kweli ni dhambi, siri ya mgonjwa haianikwi.

BintiKorogwe: Mtihani gani una bosi anayepiga simu kila saa? Jina sijataja, hospitali sijataja. Dada Nesi, daktari mwenyewe hapendi kuulizwa, nimwandikeje?

NesiMstaafu: Mwandikie kilichomo kwenye faili, kwamba dawa ni ya kaka, halafu muulize hali hii anaiitaje na mgonjwa alimeza kwa nia gani. Jibu usimtafunie.

Kijana_wa_Temeke: Na majibu ya mtihani yakitoka utuletee.

BintiKorogwe: Dada asante, namwandikia sasa hivi. Bosi atasubiri.