Naomba ushauri: niegemee wapi, wafungwa au walowezi huru?

Habari zenu wadau, niko Sydney nasoma, wiki ijayo natakiwa nisimame mbele ya darasa nieleze maisha ya New South Wales, lile koloni la Waingereza huku Australia, na kichwa kimejaa mpaka sijui nianzie wapi. Kuna wale wafungwa walioletwa na meli 11 mwaka 1788, njaa ikawapiga, halafu msafara wa pili wa 1790 ukafika karibu robo ya wafungwa wameshafia njiani, yaani ni balaa. Lakini hapo hapo unakuta Mary Reibey, kakamatwa na farasi wa wizi akiwa bado katoto tena kavaa kama mvulana, akaletwa huku 1792, mumewe akafa 1811 akamwachia watoto saba na biashara, akaiendesha hadi akawa tajiri, leo sura yake iko kwenye noti ya dola 20! Walowezi huru nao walipewa ardhi na wafungwa wa kuwalimia, ila gavana Macquarie alipoanza kuwakalisha waliomaliza vifungo meza moja na wakubwa, walinuna kwelikweli.

Sasa kinachonikwamisha, hiyo ardhi yote ilikuwa na wenyewe, Waaborijini, na 1789 ndui iliwafyeka vibaya. Nikiweka habari zao mwishoni naona kama nawadharau, nikianza nao mwalimu atasema nimetoka nje ya mada. Waliosoma historia, nyie mngepangaje? Nina dakika 10 tu jamani.