Taarifa inasema zahanati yetu imekamilika asilimia 100. Mbona haina hata mlango?

Wakuu, salaam. Mods nawaomba msiuunganishe uzi huu na ule wa barabara, haya ni mengine. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Niko mkoa wa Tanga. Mkoa wetu una halmashauri 11, kuanzia Jiji hadi Kilindi kule, na yangu siitaji, kwa sababu bado nalala huku na mwanangu bado anasubiri barua ya utambulisho isainiwe ofisi ya kijiji. Wa huku mtaijua wenyewe.

Juzi nilikwenda kukaa kwenye baraza la madiwani. Ndiyo, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia, anakaa nyuma kimya, wengi hamjui tu. Ikasomwa taarifa ya utekelezaji wa miradi, ukurasa kwa ukurasa, msomaji anakimbia utadhani anafukuzwa. Mara nasikia jina la kijiji chetu. Ujenzi wa zahanati, umekamilika asilimia mia moja. Akafungua ukurasa mwingine. Wakagonga meza. Diwani wetu naye akagonga.

Nilimtazama. Kwake na kwenye hiyo zahanati si mbali, anapita pale kila siku na pikipiki yake. Akaangalia simu.

Sasa niwaeleze hiyo asilimia 100 ikoje. Ukiwa barabarani unaona jengo zuri. Bati zipo, ukuta wa mbele umepigwa lipu na rangi, nyeupe juu na bluu chini. Rangi ile ilipigwa siku moja kabla ya msafara wa wakubwa kupita, na mafundi waliishia kwenye kona, kiasi kwamba ukizunguka upande wa mnazi mkavu unaona kabisa mahali brashi ilipogeukia. Nyuma ni tofali tupu. Milango hakuna, hata fremu. Madirisha ni matundu. Sakafu ni udongo uleule tuliojaza sisi kwa machepe. Dari hakuna, ukiinua uso unaona kenchi na mavi ya popo. Choo kimechimbwa shimo, limezungushiwa miiba ili mbuzi wasitumbukie. Kuku ndio wamehamia.

Hiyo ndiyo imepigiwa meza.

Na mimi si mpita njia kwenye jengo hilo. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Kauntabuku ninalo hapa mezani ninavyoandika, jalada limeliwa na mchwa lakini kurasa ziko salama. Nchi hii ina mpango wa afya ya msingi tangu 2007, zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata, tuliusikia hadi tukauota. Mwaka 2018 tukaitwa mkutanoni tukaambiwa: wananchi pandisheni boma, yaani kuta, hadi renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halmashauri itaezeka na kumalizia. Tukakubali. Kila kaya shilingi 15,000, na asiye nazo alete nguvukazi.

Nafungua ukurasa wowote. Kitongoji cha bondeni, Jumamosi, watu 31, kusomba mchanga wa mtoni. Kitongoji cha juu, akina mama, maji ya kumwagilia tofali, ndoo 64. Kuna bi mkubwa mmoja hakuwa na fedha wala mgongo wa kubeba ndoo, akaleta majogoo wawili. Tuliyauza gulioni 28,000, tukamkatia risiti ya 15,000 na chenji 13,000 akaikataa, akasema iende kwenye misumari. Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: "misumari". Bi mkubwa yule tumemzika mwaka jana. Alikufa anaulizia zahanati inafunguliwa lini.

Renta tukaifikia 2020. Bati na mbao zikaja mwaka uliofuata, paa likapanda, kijiji kizima tukashangilia. Kisha kimya. Kimya kile cha serikali mnakijua, si kukataliwa wala kukubaliwa, ni "mchakato unaendelea".

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba mnisome vizuri. Sisemi mtu kala. Sijui. Sijui kwa sababu hakuna anayetaka nijue, na hilo ndilo kosa ninaloweza kulithibitisha. Kiwango tulichozoea kukisikia wakati ule, serikali kuu ikileta fedha za kumalizia boma la zahanati, ni milioni 50 kwa boma moja. Zetu zilikuja? Zote, nusu, au zilipelekwa boma la kijiji kingine? Uliza. Mtendaji wa kijiji atakwambia nenda kata. Kata watakwambia nenda kwa mhandisi. Mhandisi yuko saiti. Mganga mkuu yuko semina. Ukirudi wiki ijayo unaambiwa taarifa iko kwenye mfumo na mfumo uko chini.

Na huu mradi ulikuwa wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, wenyeji wanasimamia na mafundi wa kawaida wanajenga. Wanaojua utaratibu wanajua: kijiji kinaunda kamati, vifaa vikifika kamati inahesabu, inasaini hati ya kupokea. Sisi tulisaini bati. Tukasaini mbao na misumari. Rangi ya mbele hatukusaini, ilikuja na watu wake ikaondoka nao. Milango hatujasaini. Madirisha, saruji ya sakafu, dari, hatujasaini. Sasa kama jengo limekamilika asilimia 100, nani alipokea milango? Anitajie jina tu nimpelekee kauntabuku aweke sahihi.

Nikasema niende kisheria. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016. Raia anaandika ombi, ofisi ina siku 30 za kumjibu. Nikaandika kwa mkono, karatasi mbili, nikaomba mambo matatu: fedha kiasi gani zilipokelewa kwa zahanati yetu, zimelipwa kwa nani, na kazi gani imebaki. Nikapanda gari hadi makao makuu, masjala wakanigongea muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye nakala yangu. Dada wa masjala ni mstaarabu sana, simlaumu. Siku ya 34 nikarudi. Akanielekeza chumba fulani. Bwana wa chumba hicho hakuniambia karibu. Akasoma barua yangu yote kwa utulivu kisha akauliza, "Kwani wewe ni nani katika hili?"

Nikamwambia ni mwananchi. Akasema, "Mwananchi kama nani?"

Nimelifikiria swali hilo njia nzima ya kurudi.

Halafu hawa hawa, fedha ikiwa inaingia, wana macho ya mwewe. Huku kwetu ni machungwa na nazi. Msimu ukifika kizuizi kinawekwa barabarani, kijana na mashine ya POS, mvua na jua yupo. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, ilishushwa 2017 kutoka 5, na sheria inasema mzigo usiozidi tani moja ukivuka kwenda halmashauri nyingine usitozwe, ingawa ukimkumbusha hilo usiku wa saa nne anakwambia ukalale hapo hapo na machungwa yako. Risiti yake ina tarehe, saa, dakika na sekunde. Shilingi yangu ikiingia wanajua hadi sekunde. Ikitoka, miaka inapita wanatafuta faili.

Kijijini nako sheria iko wazi, mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Sisi mara ya mwisho tumesomewa kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, nanyi mnajua kwa nini ilikuwa kabla. Mtendaji alisoma kwenye simu, kioo kimepasuka, namba akizifikia kwenye ufa anaruka. Ubao wa matangazo upo. Una karatasi ya kunawa mikono ya enzi za UVIKO-19, na tangazo la chanjo ya mbwa ya mwaka ambao hata mbwa wenyewe wameshakufa. Tovuti ya halmashauri ndiyo inang'aa. Mkubwa amekagua, mkubwa amepokea, mkubwa amesisitiza. Picha 12 za watu waliovaa vizibao vya kuakisi mwanga wakinyoosha kidole kwenye kitu ambacho hakimo kwenye picha. Namba, hakuna hata moja.

Msidhani ni zahanati peke yake. Kikundi cha mke wangu na wenzake wanasuka makuti na kukamua mafuta ya nazi. Wameomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Aprili 2023 ikasimamishwa nchi nzima, sawa, tulielewa, vikundi hewa vilikuwa vimezidi. 2024 ikarejeshwa. Wakasubiri tangazo. Tangazo lilibandikwa ubao wa makao makuu, umbali wa nauli ya 5,000 kwenda. Kwetu lilifika limekunjwa kwenye mfuko wa mtendaji, siku mbili baada ya tarehe ya mwisho. Akalibandika hivyo hivyo. Lipo hadi leo, chini ya lile la mbwa.

Nina shangazi Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kaunti ya Kwale, Kenya. Wenzetu walipoandika Katiba ya 2010 waliweka humo kwamba kaunti zao 47 zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na wananchi washirikishwe kwenye bajeti. Nilimpigia nikidhani nitamwonea wivu. Akacheka hadi akakohoa. Akasema, "Baba, hata huku tunaitwa mkutanoni, tunapewa soda, tunapiga picha." Basi nikakata simu.

Kuna watakaokuja hapa kusema mimi ni mpinga maendeleo, kwa hiyo niseme na hili. Fedha za UVIKO za 2021, ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000 nchini, na sekondari ya kata yetu ilipata. Yalitakiwa yawe tayari wanafunzi wakiingia Januari 2022, na yakawa tayari. Yana milango! Kila mtu alijua darasa moja ni milioni 20, hadi wauza vitumbua walijua, na kwa sababu walijua fundi hakuthubutu kuondoka na mfuko wa saruji. Kwa hiyo inawezekana. Wanaweza wakitaka.

Tatizo jingine la huku ni hao wataalamu wenyewe. Kuna msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo. Zamani ulikuwa wa kujisifu. Siku hizi ni maelezo ya idara ya mipango. Ukimfahamu mmoja, ukamwonyesha jengo, akaandika kwenye kijitabu chake, mwezi ujao kahamishwa na kijitabu chake. Anakuja mwingine, anaanza na "nipeni muda nijifunze".

Mwezi uliopita shemeji yangu alishikwa uchungu usiku. Kituo cha afya kiko kilomita 17, bodaboda 8,000 kukiwa kukavu. Mvua ilinyesha, korongo limejaa. Akajifungulia chini ya mwarobaini, mkunga ni mama mkwe wake, tochi ni ya simu ya dereva aliyegeuza uso pembeni kwa heshima. Mtoto yupo, mzima, ananenepa. Lakini kutoka ule mwarobaini hadi kwenye ukuta wetu wa rangi nyeupe na bluu hata dakika tano kwa miguu hazifiki.

Ninachotaka ni karatasi moja. Ibandikwe kwenye mlango wa zahanati, au kwa kuwa mlango hakuna, ukutani. Zimekuja ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki ngapi. Basi.

Mliowahi kutumia ile sheria ya 2016 mkajibiwa, nipeni uzoefu. Mliandikaje? Mlimnakilisha nani?

NYONGEZA, saa tatu usiku: Uzi umefika kwa diwani, amenipigia. Hakukana. Ameniuliza kwa nini sikuanzia kwake. Mheshimiwa, nilianzia kwako, mara tatu, mara ya mwisho ulikuwa kwenye pikipiki ukaniambia "tutaongea". Anasema asilimia 100 ni ya "awamu hiyo". Nikamuuliza awamu hiyo ilikuwa ya nini. Akasema ya kuezeka. Kwa hiyo wakuu, kumbe jengo linaweza kukamilika kila mwaka bila kukamilika.

NYONGEZA ya pili: Anayesema nimetunga, picha siweki, mtawatambua watu. Na aliyeuliza kama kuku bado wamo: wamo. Leo alfajiri nimepita, nimeokota mayai matatu chumba cha kujifungulia.