Kuwafundisha madaktari wapya mfumo wa kompyuta bila kugusa faili za wagonjwa

Mwandiga_TEHAMA
Wakuu, habari za jioni. Niko hospitali ya wilaya, mkoani Kigoma. Madaktari na matabibu wapya tunawafundisha mfumo wa faili za wagonjwa kwa projekta: mmoja anabonyeza, wengine wanatazama. Wakifika OPD (wagonjwa wa nje) wanaandika kwenye karatasi, jioni ndipo wanahamishia kwenye mfumo. Nina kompyuta 6 na ruta, intaneti ya kubahatisha, na watu 18. Nipange vipi mazoezi?

Fundi_Uvinza
Mkuu, hiyo intaneti huihitaji. Kompyuta moja iwe seva, yaani kompyuta kuu yenye nakala ya mfumo, nyingine 5 ziunge kwa ruta. Hifadhidata ianze tupu. Usikopi ya wagonjwa halisi ukidhani kubadili majina kunatosha. Namba za simu, kadi za bima na maelezo ya historia vinabaki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Skrini ya mazoezi ipe rangi tofauti kabisa, na kila jina la mgonjwa lianze na ZOEZI. Vinginevyo iko siku mtu ataagiza vipimo vya mgonjwa wa kweli humo, na maabara wasivione. Kata pia njia ya bima na malipo. Tengeneza bekapu ya hali safi, uirudishe kila kundi likimaliza.

Dokta_Tabora
Hayo ya seva sawa, ila kazi kubwa ni kutunga kisa chenye mitego. Kujua kitufe kilipo hakumwokoi mgonjwa.

Mfano: mtoto wa miaka 3, kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) chanya, malaria isiyo kali. Karatasi ya triaji (upimaji wa awali) inasema kilo 14, kwenye mfumo zimeingizwa 41. Anayefuata skrini bila kumtazama mtoto ataandika dawa ya malaria, ALU, vidonge 4 kwa dozi badala ya 1. Kwa dozi 6 za siku 3 ni vidonge 24 badala ya 6. Ongeza mgonjwa wa pili mwenye majina matatu yale yale, tarehe ya kuzaliwa tofauti. Mzio wa penisilini uweke kwenye maelezo ya historia, si kwenye sehemu ya mzio, hivyo mfumo hautatoa onyo lolote. Sukari ya damu ya 90 mg/dL iingizwe kama 90 mahali pa kizio kingine, mmol/L, ambako ilipaswa kuwa 5.

Watu watatu kwa kila kompyuta: daktari, mama wa mtoto, na mtazamaji anayeandika kilichofunguliwa na kilichorukwa. Mama aongee muda wote, maana ugumu wenyewe ni kusikiliza huku unachapa. Dakika 10 za kisa, 20 za mjadala; ukibanwa na muda punguza kisa, usiguse mjadala. Huko Oregon, Marekani, madaktari walipewa faili la kubuni la mgonjwa wa ICU (wodi ya mahututi) lenye makosa yaliyopandikizwa, na kwa wastani hawakugundua hata nusu.

Mwandiga_TEHAMA
Shukrani dokta. Kompyuta 5 kwa watatu ni 15, watatu wanabaki nje.

Dokta_Tabora
Watumie seva yenyewe, kazi hiyo haiilemei.

Muuguzi_Kasulu
Msisahau kuzima ruta katikati ya kisa bila taarifa. Fomu za karatasi ziwe mezani tayari. Mtandao ukirudi, waingize saa dawa ilipotolewa, si saa wanapochapa. Sindano ya artesunate (ya malaria kali) ya saa 2 usiku ikisomeka saa 5, ya pili inayotakiwa baada ya masaa 12 kupita itachelewa. Isipoingizwa kabisa, wa zamu atairudia. Na kila mtu awe na nywila yake hata kwenye mazoezi. Wakizoea kutumia ya mmoja hapo, wodini watafanya hivyo hivyo.