Eti zamani ukitengeneza gemu hukuruhusiwa kuweka jina lako?

boda_pixel
Wadau habari za jioni. Mimi naandika kodi za kompyuta (siyo ile kodi ya URA, watoza ushuru wa Uganda, tulieni) na kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa kwa ofisi moja ndogo hapa Kampala, jina lake tuliache. Tumetoa gemu ya simu, jamaa wa boda anakwepa mashimo na maaskari wa trafiki, kodi karibu yote nimeiandika mimi usiku umeme ukiwepo na nyingine kwa bando langu mwenyewe la intaneti. Juzi gemu imetoka, naenda kwa ile sehemu ya majina nimwonyeshe mamangu, hakuna jina langu, kuna logo ya kampuni basi. Kuuliza bosi ananijibu "si ulilipwa mshahara, jina la nini tena?" Sasa beshte yangu ananiambia niache kununa, ati hata wale wa kwanza kabisa huko Marekani walifanyiwa hivyo hivyo na ndo maana wakatoka wakafungua kampuni zao. Ni kweli ama alikuwa ananipoza tu?

MzeeKaseti
Hajakudanganya ssebo. Na waliofanya hivyo ni Atari wenyewe, kampuni ya gemu ya huko Marekani.

Atari ilianzishwa 1972 California na Nolan Bushnell na Ted Dabney. Gemu yao iliyowatoa ni Pong, ile ya vijiti viwili na mpira, aliiunda injinia mpya kazini anaitwa Allan Alcorn, na alipewa kama kazi ya kujipima mkono tu, hawakuwa na mpango wa kuiuza. Wakaiweka ndani ya kabati la mbao, wakaipeleka kwa baa moja ya Sunnyvale inaitwa Andy Capp's. Baada ya muda wanapigiwa simu kwamba mashine imekufa. Alcorn anaenda, anafungua kule sarafu zinakoangukia, anakuta pamejaa mpaka zimeziba kila kitu. Ugonjwa wa mashine ulikuwa ni kushiba pesa! Mimi niliwahi kuwa na kibanda cha gemu, huo ugonjwa nimeuombea miaka yote haukunipata hahaha.

Sasa 1976 Bushnell akauza kampuni kwa Warner, wale wa filamu na muziki, kwa dola milioni 28, baadaye akaingia mkubwa mwingine, Ray Kassar, mtu ametoka kwa biashara ya vitambaa. Na hapo ndo stori yako inaanza. Ile mashine yao ya nyumbani ya 1977, tuliyoizoea kama 2600, ilikuwa na memori ya baiti 128. Si kilobaiti, ni BAITI. Hata post yako ya hapo juu haiingii. Kaseti yenyewe ilibeba kilobaiti 2 au 4, kwa hiyo gemu moja ilikuwa ya mtu mmoja, yeye ndo anawaza, anachora, anaweka sauti, anaandika kila kitu, halafu kwa boksi linatoka jina la Atari peke yake.

Siku moja watu wa mauzo wakasambaza karatasi inayoonyesha gemu gani zinauza na gani hazitembei, nia yao watengenezaji waige zile zinazouza. Jamaa wanne, David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, wakakaa na hiyo karatasi wakapiga hesabu, wakakuta sehemu kubwa ya hela ya kaseti imetoka kwa mikono yao wanne na wao wako kwa mshahara wa kawaida tu. Wakaenda kwa Kassar, wakaomba watendewe kama wanamuziki, jina kwa jalada na kapesa kidogo kwa kila kopi. Kassar akawaambia wao si wa maana kuliko wale wanaounganisha kaseti kule kiwandani. Unaona, bosi wako hata maneno hakuyabuni.

Wakatoka 1979, wakajiunga na Jim Levy, mtu wa biashara ya muziki, wakafungua Activision. Hiyo ndo ikawa kampuni ya kwanza ya nje kutengeneza gemu za mashine ya watu wengine, kabla ya hapo mwenye mashine ndo mwenye kaseti, kwisha. Atari wakawashtaki 1980, na 1982 wakamalizana, Activision wawe wanalipa kitu kidogo kwa kila kaseti. Mwaka huohuo Crane akatoa Pitfall!, ikauza kopi zaidi ya milioni nne. Na ndani ya kijitabu cha maelekezo unakuta jina la mwenye gemu na picha yake. Ukipata pointi nyingi unapiga picha skrini ya TV kwa kamera, unawatumia kwa posta, wanakurudishia kibandiko cha kitambaa cha kushona kwa jaketi.

nnyabo_wa_bagi
Mzee umemsahau Robinett banange! Huyo ndo mtu wangu.

Warren Robinett naye alikuwa Atari, alitengeneza gemu inaitwa Adventure, unazunguka kwa makasri unatafuta kikombe cha uchawi na madragoni wanakukimbiza (dragoni anafanana na bata lakini tuendelee). Aliona jina halitawekwa, hakubishana na mtu. Akaficha chumba. Ili ukifikie lazima upate kinukta cha pikseli MOJA, rangi yake kijivu na sakafu yake kijivu, ukibebe upite nacho kwa ukuta fulani, ukiingia unakuta herufi zinawaka waka katikati ya skrini: imetengenezwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu, hata wenzake wa meza ya pembeni. Akaacha kazi akaenda zake.

Gemu iko sokoni, kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City akakipata hicho chumba akawaandikia Atari barua. Wakubwa wakashtuka, wakataka kukifuta, kumbe kutengeneza chipu upya ni hela nyingi, wakaacha. Mmoja wao, Steve Wright, akasema basi tuifanye iwe desturi, wachezaji watafute kama watoto wanavyotafuta mayai ya Pasaka. Hilo jina la yai la Pasaka, yaani kitu kilichofichwa ndani ya gemu, mnalolisikia mpaka leo limetoka hapo. Gemu iliuza kama kopi milioni moja na mshahara wa Robinett alisema mwenyewe ulikuwa kama dola elfu 22 kwa mwaka.

mbishi_arua
Stori tamu ila msimfanye Bushnell baba wa kila kitu. Injinia Ralph Baer alianza kuchezea hii idea ya gemu kwa TV 1966, kampuni ya Magnavox wakaiuza kama mashine ya nyumbani, Odyssey, 1972, na ndani yake kulikuwa na tenisi ya meza kabla ya Pong. Bushnell alienda kwa maonyesho ya hiyo mashine akaicheza, na kabla ya kuingia akasaini kitabu cha wageni. Magnavox waliposhtaki, kile kitabu kikaletwa. Atari wakaamua kulipa leseni, 1976 hiyo. Kwa hiyo boda_pixel, angalia pia unaliandika jina lako wapi.

Pili, si wote walitoka kwa bosi. Ken na Roberta Williams walianzia kwa meza ya jikoni, mke anachora na kutunga stori, mume anaandika kodi kwa kompyuta ya Apple II, wakatoa gemu ya Mystery House 1980 kwa diski iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga chakula, kama ile ya kuwekea karanga. Hiyo ndo ikaja kuwa kampuni ya gemu ya Sierra.

Tatu, kutoka siyo dawa. Watu walipoona Activision wamefanikiwa kila mtu akafungua kampuni, kaseti takataka zikajaa madukani, 1983 soko likaanguka, Atari wakaenda kufukia kaseti kwa shimo la taka la Alamogordo, New Mexico. Zimefukuliwa 2014. Activision yenyewe ilipepesuka mpaka ikabadili jina 1988, ikalirudia baadaye, na Microsoft wameinunua 2023 kwa karibu dola bilioni 69. Wale wanne walishaondoka zamani.

MzeeKaseti
Mbishi umebisha vizuri leo, nakubali ya Odyssey.

Ila nicheke kidogo. Kibanda changu kilikuwa Jinja, nilikuwa na zile mashine za gemu za Kichina, Terminator, TV mbili, shilingi 100 kwa raundi, ukifa unampisha mwenzako. Kaseti imeandikwa 9999 kwa moja na ukihesabu gemu ni kama ishirini. Na waliozikopi zile kaseti walikuwa wamefuta hata jina la kampuni kwa ukurasa wa kwanza, pale penye Namco au Konami unakuta giza. Miaka na miaka watoto wa Jinja tunacheza tanki na Kontra na hatujui hata nchi iliyotengeneza, wengi tulidhani ni Terminator mwenyewe. Sa hii ndo natambua niliwalisha wanangu kwa kazi ya watu wasio na jina mara mbili.

boda_pixel
Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Kutoka siwezi sa hii, nyumba ya kulipa ipo. Ila apdeti ya gemu inaenda Ijumaa na bado mimi ndo naiandika. Kuna levo ya soko la Busia, upande wa mpakani, kuna gunia la mahindi limeegemea ukuta. Boda akiligonga mara tatu bila kupiga honi... naishia hapo.

nnyabo_wa_bagi
Mara tatu watu watalipata kwa bahati mbaya, weka saba

MzeeKaseti
Mimi sijasoma kitu. Lakini mjukuu wangu ana simu na ana wikendi nzima.