Kupunguza picha kabla ya kuziweka mtandaoni bila kuziharibu

Muulizaji

Habari za leo, ndugu wanajukwaa. Naomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua wiki nzima. Kamera yangu hutoa picha zenye upana wa pikseli 6000 na urefu wa pikseli 4000, na kila faili la JPEG lina takriban megabaiti 10. Tovuti ninayotaka kuziweka picha hizo haipokei faili linalozidi megabaiti 2. Nilisoma mahali kwamba picha ya mtandaoni inapaswa kuwa na nukta 72 kwa inchi, kwa hiyo nikaibadilisha namba ya 300 kuwa 72, lakini faili likabaki na uzito uleule. Baadaye, wakati wa kuhifadhi, nikashusha kiwango cha ubora hadi 20. Faili likapokelewa, ila picha imeharibika: anga lililokuwa la buluu tulivu limekatika vijiraba vidogo vidogo, na pembeni mwa maandishi ya kibao kuna kama vumbi la kijivu ambalo halikuwapo. Isitoshe, shati jekundu la mtu aliyesimama mbele limepauka. Nimekosea wapi, na hatua zinapaswa kufuatana vipi?

Jibu la kwanza

Ndugu, hapo kuna vitu viwili ambavyo vimechanganywa, na karibu kila anayeanza huvichanganya: vipimo vya picha na uzito wa faili. Vipimo ni idadi ya pikseli; uzito ni nafasi ambayo pikseli hizo huchukua zikishabanwa. Picha yako ina pikseli milioni 24. Kama zingehifadhiwa bila kubanwa, kila moja ikichukua baiti 3, faili lingefika megabaiti 72, kwa hiyo JPEG ilikwisha kukupunguzia mzigo mkubwa kabla hujagusa chochote. Ulipoilazimisha ishuke tena chini ya megabaiti 2 bila kuondoa hata pikseli moja, haikuwa na njia nyingine ila kutupa mambo madogo madogo yaliyomo ndani ya picha.

Vijiraba unavyoviona angani vina asili yake. JPEG huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8 na kukibana kila kimoja. Ubora ukiwa wa kutosha, mipaka ya viraba haionekani. Ukishushwa mno, kiraba kizima hubaki na rangi karibu moja, nacho hutofautiana ghafla na jirani yake. Anga huumbuka mapema kwa sababu rangi yake hubadilika polepole, na jicho huona ngazi mahali palipokuwa na mteremko. Maandishi nayo yana tatizo la kinyume: ukingo kati ya herufi nyeusi na ubao mweupe ni badiliko la ghafla, na mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayopunjwa zaidi wakati wa kubana.

Namba ya 72 iache kabisa. Hayo ni maelekezo ya kuchapishia karatasini: pikseli 6000 zikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi zitachukua inchi 20, na kwa nukta 72 zitapita inchi 83, lakini pikseli ni zilezile 6000. Kwenye ukurasa wa tovuti namba hiyo haina kazi.

Anza na vipimo. Katika GIMP, au programu yoyote uliyoizoea, ingia sehemu ya kubadilisha ukubwa wa picha, hakikisha upana na urefu vimefungwa pamoja ili uwiano usivurugike, kisha upe upande mrefu pikseli 2048. Upande mfupi utakuwa 1365, na jumla itashuka kutoka pikseli milioni 24 hadi takriban milioni 2.8. Baada ya hapo hifadhi kwa ubora wa 80 au 85. Nina hakika utabaki chini ya kikomo chako huku anga likiwa salama.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, lakini naona mpangilio wa kazi unastahili kusemwa wazi zaidi, kwa kuwa hapo ndipo picha nyingi nzuri hupotelea. Faili la awali lisiguswe. Fungua nakala, kata sehemu usizozihitaji, rekebisha mwanga, punguza vipimo, ongeza ukali kidogo, halafu hifadhi mara moja tu kwa jina jipya. Kila unapofungua JPEG, ukaibadilisha na kuihifadhi upya, hubanwa tena na kupoteza kitu. Ile nakala uliyoihifadhi kwa ubora wa 20 usijaribu kuiokoa kwa kupandisha ubora hadi 95: faili litakuwa zito, na vijiraba vitahifadhiwa kwa uaminifu mkubwa. Rudi kwenye faili la awali.

Kuongeza ukali kuje baada ya kupunguza, si kabla yake. Pikseli kadhaa zinapounganishwa kuwa moja, kingo hulainika; kope na nyuzi za nguo huonekana kama zimepitiwa na pumzi kwenye kioo. Kiasi kidogo kinatosha. Ukiona mstari mweupe umeizunguka herufi au bega la mtu, umezidisha.

Jibu la tatu

Kuhusu shati lililopauka, angalia mpangilio wa rangi wa kamera. Ikiwa umechagua Adobe RGB, namba zilizomo kwenye faili zimekusudiwa wigo mpana zaidi wa rangi, na mahali ambapo utambulisho wa rangi umepotea au haukuzingatiwa, namba hizo husomwa kana kwamba ni za sRGB, yaani mpangilio wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, na rangi kali hufifia. Kabla ya kuhifadhi, igeuze picha iwe sRGB. Nasisitiza kuigeuza: kubandika utambulisho wa sRGB juu ya namba zilezile hakubadilishi kitu, rangi zitabaki zimefifia.

Jambo lingine fupi: picha zilizopigwa kwa simu mara nyingi hubeba taarifa za mahali ulipokuwa ndani ya Exif, yaani maelezo ya picha yanayofichwa ndani ya faili lenyewe. Ziondoe kabla ya kuipakia picha, hasa iliyopigwa nyumbani.

Muulizaji

Nawashukuru sana nyote. Nimeanza upya kutoka faili la awali, nikaweka 2048 kwa 1365, sRGB, ubora 82. Faili limetoka na kilobaiti 640, anga limetulia na wekundu umerudi. Kamera kweli ilikuwa kwenye Adobe RGB. Kimebaki kitu kimoja: kwenye picha nyingine kuna mtu aliyevaa shati lenye mistari myembamba sana, na baada ya kupunguza, kifuani mwake pametokea mawimbi ambayo kwenye picha kubwa hayapo.

Jibu la pili

Mistari hiyo sasa ni myembamba kuliko pikseli zinazotakiwa kuibeba, kwa hiyo mingine inashikwa na mingine inarukwa, na mpishano huo ndio unaozaa mawimbi. Kwanza tazama njia ya ukokotoaji katika dirisha la kubadilisha ukubwa. Ikiwa imechaguliwa ile inayochukua pikseli moja iliyo jirani na kuacha nyingine, ibadilishe iwe Lanczos au njia nyingine inayochanganya pikseli nyingi. Mawimbi yakibaki, rudi kwenye nakala kubwa, chagua eneo la shati peke yake, lilainishe kidogo, ndipo upunguze. Jaribu pia 1800 badala ya 2048. Wakati mwingine badiliko dogo la vipimo huyapunguza mno. Mwishoni itazame kwa asilimia 100, kwa kuwa programu ikiisinyaza picha ili ienee dirishani, huweza kuonyesha mawimbi ambayo kwenye faili hayamo.